Nani Katutuma? Maneno kwa Wapiga Muziki wa Ridhaa

Maneno haya niliyasema usiku wa onyesho la pamoja la bendi na kwaya za ridhaa, kabla vyombo havijaanza kulia. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, pamoja na pale nilipopotea njia.

Mwenyekiti, walimu wetu, wazazi mliokuja kuwasikiliza watoto wenu, na watoto mliokuja kuwasikiliza wazazi wenu, maana usiku huu wapo wa namna zote mbili: wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Nimepewa dakika 20. Mpiga dramu wetu, ambaye ndiye mtunza saa wa kila jambo, amekaa pale pembeni na ameniahidi kwamba zikiisha atagonga fimbo. Kwa hiyo nikisikia tak-tak-tak-tak, najua ni mimi ninayeambiwa.

Kila mmoja wetu amewahi kuulizwa, akiwa amebeba chombo chake mgongoni: "Mnalipwa?" Ukijibu hapana, linafuata swali la pili, ambalo watu wengi huliuliza kwa macho tu. Sasa nani kawatuma?

Hakuna aliyetutuma. Na Kiswahili kimetupa jina linalosema hivyo hivyo: sisi ni watu wa ridhaa. Bondia wa ridhaa, mpira wa ridhaa, mpiga gitaa wa ridhaa. Tumelizoea neno hilo hadi tunadhani maana yake ni "wasiolipwa", au mbaya zaidi, "wasiojua sana". Lakini mgonjwa hutoa ridhaa kabla ya kupasuliwa. Bibi harusi huulizwa ridhaa yake kabla ndoa haijafungwa. Wafaransa humwita mtu kama sisi amateur, neno lenye mzizi wa Kilatini wa kupenda, na ni neno zuri, sikatai. Ila mapenzi yanaweza kukukuta umekaa tu. Kuridhia ni lazima kwanza uwe umeelezwa gharama, ukazielewa, ukasema sawa. Jioni hii nataka tuulizane tumeridhia nini hasa, kwa sababu naona wengi wetu tulitia saini bila kusoma.

Mimi ni mhasibu. Nilishika chombo kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 34, umri ambao wenzangu walikuwa wanaanza kulalamika magoti. Nilitaka kupiga solo, kama kila mtu. Nilipofika kwenye kikundi nikakuta wapiga solo watatu na besi moja, lile gitaa la sauti nzito, imeegemezwa ukutani haina mwenyewe. Nikapewa besi kama mtu anavyopewa kiti kilichobaki. Kwa wasioijua: uzi mnene kuliko wote wa besi hutetema mara 41 hivi kwa sekunde, na sauti nzito ya namna hiyo ukuta hauizuii kirahisi. Sauti nyembamba hubaki chumbani, nzito hupita. Kwa hiyo jirani yangu, kwa mwaka mzima, hakuwahi kusikia wimbo. Alisikia makosa yangu tu, yakiwa yamechujwa vizuri.

Hilo ndilo jambo la kwanza tuliloridhia. Tumekubali kusikika kabla hatujaiva. Mtu anayejifunza lugha ya kigeni anaweza kuisoma kimya mwaka mzima, na anayejifunza kuchora anaweza kuchana karatasi. Mpiga tarumbeta hana pa kujificha, kosa lake likitoka limeshawafika watu wote wa nyumba. Wanaoanza muziki utu uzima ndio linalowauma zaidi hili, kwa sababu mahali pengine pote wameshazoea kuheshimiwa. Mchana unasaini hesabu za kampuni, jioni kijana wa miaka 15 anakwambia, kwa upole unaouma kuliko kufokewa, "Mzee, hapo umeingia mapema tena."

Nitakaa kidogo kwenye hilo la kuingia mapema, kwa sababu ndilo lililonifundisha muziki kuliko kitu kingine.

Onyesho letu la kwanza kabisa. Tulikuwa tumefanya mazoezi miezi saba katika chumba kilichokuwa stoo, magoti yanagusana, mpuliza saksafoni akitaka kugeuka lazima mtu ainame. Siku yenyewe tukafika ukumbini, tukakuta jukwaa pana ajabu. Tulifurahi kama watoto! Kila mtu akatafuta nafasi yake akasimama kama tunapigwa picha ya mahafali. Mimi nikaenda mwisho kabisa wa kulia, dramu zikawekwa mwisho kabisa wa kushoto, katikati wakakaa waimbaji. Wimbo ukaanza vizuri. Kufikia ubeti wa pili ulikuwa unakokota miguu. Kufikia wa tatu, watu wawili waliokuwa wamesimama kucheza wakarudi kukaa. Mimi nikamlaumu mpiga dramu, mpiga dramu akanilaumu mimi, waimbaji wakatulaumu wote wawili, na nadhani hao ndio waliokuwa na haki.

Wakati wa mapumziko akaja mzee mmoja, mwalimu wa muziki aliyekuwa amekaa viti vya nyuma. Hakuwa na muda wa hotuba kama mimi. Alisema neno moja: "Sogeeni."

Tuliona anatutania. Baadaye nilikaa nikapiga hesabu, ndiyo kazi yangu. Sauti hewani, katika joto la kawaida la chumba, hutembea mita 343 hivi kwa sekunde. Mtu akikuita kutoka upande wa pili wa barabara, mwendo huo ni wa kasi mno. Kwenye muziki ni wa kobe. Kila mita moja inakula karibu sehemu 3 kati ya sehemu 1,000 za sekunde. Mkisimama mbali kwa mita 10, pigo la mwenzako linakufikia limechelewa kwa karibu sehemu 30 kati ya 1,000. Wewe unalisikia, unalifuata, na lako linamfikia yeye likiwa limechelewa mara mbili. Anakungoja, nawe unamngoja. Hakuna aliyepunguza mwendo, na mwendo umepungua.

Kwa hiyo tukasogea. Dramu zikaja katikati, nami nikasimama karibu nazo kiasi kwamba sahani ya shaba ikipigwa nasikia upepo shingoni. Sehemu ya pili ya onyesho haikuwa ya ajabu, lakini ilitembea. Tangu siku hiyo, nikipanda jukwaa lolote jambo la kwanza natafuta mahali ambapo nitauona mguu wa kulia wa mpiga dramu. Mwanga husafiri haraka kuliko sauti, kwa hiyo jicho halichelewi kama sikio. Besi na lile dramu kubwa la mguu ni mke na mume, wakigombana nyumba nzima inajua. Ninyi vijana ambao usiku huu mtapanda hapa kwa mara ya kwanza na kukuta nafasi kubwa, tafadhali msijitanue. Onekaneni wachache, sikikeni wamoja.

Jambo jingine linalowahusu ninyi mliokaa: ukumbi mtupu ni mwongo. Saa kumi alasiri tulikuwa hapa tunajaribu vyombo, na kila kitu kilikuwa na mwangwi wa kupendeza, hata mimi nilijiona fundi. Mkishaingia, miili yenu na nguo zenu zinakunywa sauti, hasa zile nyembamba za juu, na mwangwi unapungua. Mipango yote ya saa kumi inabidi ifanywe upya kwenye wimbo wa kwanza. Ndiyo maana namsihi kila mpiga muziki aache kugombana na fundi mitambo wakati wa majaribio. Yule anasikiliza ukumbi ambao bado haupo. Na ninyi wasikilizaji, hata mtu asipopiga makofi, kuja kwake tu kumeshabadilisha sauti ya jioni hii. Sisemi kwa kuwafurahisha, ni fizikia.

Sasa nije kwenye kutyuni, yaani kupatanisha sauti za vyombo, nikiwa na hoja ya utani ambayo nimeibeba miaka mingi.

Okestra kubwa kabla haijaanza, obo, chombo chembamba cha kupuliza, hutoa sauti moja ndefu na wengine wote huifuata. Sauti hiyo leo imekubaliwa kuwa ya mitetemo 440 kwa sekunde. Zamani kila mji ulikuwa na yake. Ufaransa iliamua kwa sheria mwaka 1859 kwamba kwao itakuwa 435, na shirika la kimataifa la viwango likapendekeza 440 mwaka 1955. Jina la sauti yenyewe, kwa wanaotaja nota kwa do, re, mi, ni la. Kwa wenzetu wa lugha nyingine ni silabi tu. Kwetu "la" ni kukataa. Basi kila tunapotaka kupatana, tunaanza wote pamoja kwa kusema la. Mimi huwa nacheka peke yangu jukwaani, na watu hudhani nina furaha ya kisanii.

Lakini nikitoka kwenye mzaha, naona kuna kitu. Mtu asiyeweza kusema la hajaridhia, amesukumwa. Vikundi vingi vya ridhaa nilivyoviona vikifa havikufa kwa kukosa vipaji. Vilikufa kwa sababu kila mtu alisema ndiyo: ndiyo kwa nyimbo 20 wakati wanazijua sita, ndiyo kwa kila mwaliko, ndiyo kwa mazoezi ya siku nne kwa wiki, hadi mke au mume wa mtu akahoji, na akawa na haki. Bendi yetu ina nyimbo 11. Mtu akituomba ya 12 tunamwambia tutaijifunza, na tunamaanisha mwakani.

Na kutyuni kwenyewe, jamani, kurudieni. Nyuzi zikipata joto hulegea, sauti inashuka. Vyombo vya kupuliza vikipata joto la pumzi sauti inapanda. Joto lile lile moja la taa za jukwaani linawavuta gitaa na saksafoni kwenda pande mbili tofauti. Mkishatyuni kwenye chumba cha nyuma chenye baridi msijione mmemaliza. Baada ya wimbo wa tatu simameni kidogo, angalieni tena. Wasikilizaji hawachukii kungoja nusu dakika. Wanachukia kuambiwa kwamba mambo yako sawa wakati meno yao yanajua hayako sawa.

Sauti kubwa. Hapa sitanii.

Ngoma ikivuma sana hupasuka, walisema wahenga, na wao hawakuwa na amplifaya. Mnajua inavyokuwa. Mpiga rizimu hajisikii, anaongeza kidogo. Mpiga kinanda sasa hajisikii, naye anaongeza. Mwimbaji anaanza kupiga kelele, mpiga dramu anaona mambo yamechangamka naye anazidisha mkono. Hakuna kikao kilichoamua kupasua masikio ya watu, na bado masikio yanapasuka. Wataalamu wa afya kazini wanaweka mpaka kwenye desibeli 85, kipimo cha ukubwa wa sauti, kwa saa 8. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda huo unakatwa nusu: kwenye 88 una saa 4, kwenye 91 saa 2, na ukifika 100 una dakika 15 tu. Bendi yenye dramu na spika katika chumba kidogo inafika 100 bila kuhema, na mazoezi yenu ni ya saa ngapi? Zile chembe za nywele ndani ya sikio zinazopokea sauti, binadamu hazimwoti tena zikishakufa.

Sikio langu la kushoto lina mluzi. Haukomi. Ni lile lililokuwa upande wa sahani za shaba katika miaka yangu mitano ya kwanza, nilipoona vizibo vya masikio ni vya waoga. Usiku nyumba ikitulia unakuwa mkali zaidi, nami nalala nikiusikiliza kama mtu aliyeachiwa redio jirani. Hilo sikuliridhia, kwa sababu hakuna aliyenieleza. Sasa mmeelezwa. Katika bendi yetu tuna sheria moja: ukiwa huwasikii waimbaji, unajipunguza mwenyewe, hukimbilii kuomba waongezwe. Mwezi wa kwanza ilikuwa vita. Mwezi wa pili tuligundua kwamba mpiga kinanda wetu alikuwa na mkono mtamu sana wa kushoto ambao hakuna aliyewahi kuusikia, hata yeye.

Kuna anayejiuliza, na ana haki: kwa taabu zote hizi, kwa nini mtu asikae nyumbani akasikiliza rekodi za mafundi? Swali hilo ni la zamani kuliko inavyodhaniwa. Edison alitengeneza mashine yake ya kunasa sauti mwaka 1877. Kabla ya hapo, ukiacha visanduku vya muziki na vinanda vya kuzungusha mkono, hakuna mtu aliyepata kusikia wimbo bila kuwepo mwingine anayeupiga au kuuimba muda ule ule. Miaka 29 baadaye, 1906, John Philip Sousa, Mmarekani aliyekuwa maarufu kwa bendi yake ya matarumbeta, aliandika kwa hasira kwamba mashine hizi zitawaua wapiga muziki wa majumbani, kwamba watu wataona hakuna haja ya kujifunza kitu ambacho mashine inakifanya. Bendi yake yenyewe ilikuwa imesharekodi, lakini tumwachie.

Je, alikosea? Nadhani alipatia nusu. Ni kweli kwamba siku hizi mtu anaweza kuishi miaka 80 amezungukwa na muziki kila saa, asitoe hata sauti moja yeye mwenyewe, na asione ajabu. Lakini mashine hiyo hiyo ndiyo iliyonifundisha besi. Nilirudisha nyuma mstari mmoja wa sekunde nane jioni nzima mpaka vidole vikauokota. Sousa hakuona kwamba rekodi ingegeuka kuwa mwalimu mwenye subira kuliko binadamu yeyote. Kasoro yake ni moja tu: haikungoji. Ukikosea inaendelea na safari. Binadamu mwenzako ukikosea anasikia, anashikilia pale pale mzunguko mmoja zaidi, anakutupia jicho, unarudi, mnaondoka wote. Ukishawahi kungojwa namna hiyo na watu sita kwa wakati mmoja, mbele ya watu, huwezi kurudi kuwa msikilizaji wa chumbani tu.

Hapo ndipo tunapotofautiana na mazoezi ya peke yako. Nyumbani jifunze kipande chako. Mazoezi ya pamoja si mahali pa kujifunzia kipande chako, nanyi mnaokuja na gitaa ambalo halijatoka kwenye mfuko tangu wiki iliyopita mnajijua. Pale tunajifunza vipande vya wenzetu. Na tunajifunza kutosimama. Kwetu ni marufuku kusimama katikati ya wimbo, hata nyumba ikiungua. Ukipotea, nyamaza, sikiliza mguu wa dramu, hesabu, ingia kwenye kiitikio. Wasikilizaji hawaijui nota uliyokosa. Uso wako ndio wanaousoma. Nimeshapiga wimbo mzima wa harusi nikiwa na uzi mmoja umekatika, na aliyegundua ni yule kijana wa miaka 15 peke yake, kwa sababu yeye hugundua kila kitu.

Watu wakitaka kutupa moyo hutukumbusha wakubwa waliokuwa wa ridhaa. Alexander Borodin alikuwa profesa wa kemia Urusi, akitunga muziki siku za mapumziko na siku alizougua. Opera yake aliifanyia kazi miaka 18 hivi na alipofariki mwaka 1887 ilikuwa haijakamilika, wenzake wakaimalizia. Charles Ives aliuza bima New York, na simfonia yake ya tatu, utunzi mrefu wa okestra, ilikaa miongo kadhaa kabla ya kupigwa hadharani mwaka 1946, mwaka uliofuata ikampa tuzo ya Pulitzer. Ninayempenda zaidi ni wa kinyume: William Herschel alikula kwa muziki, akipiga ogani kanisani na kufundisha, ila ridhaa yake ilikuwa nyota. Mwaka 1781, kwa darubini aliyoitengeneza mwenyewe, akaiona sayari ya Uranus.

Hadithi nzuri. Lakini tukizitegemea sana tunajidanganya, maana hao walikuwa wa ridhaa kwa mshahara tu, kwa uwezo walikuwa mafundi. Mimi napiga besi mwaka wa 19 huu na kuna wimbo mmoja, mwenyekiti anaujua, ambao daraja lake, kile kipande cha katikati kinachobadilika, bado linanitoa jasho. Hakuna simfonia inayosubiri kwenye kabati langu. Kama thamani ya jambo hili ingekuwa kwamba siku moja mtu atagundua tulikuwa wakubwa, basi karibu wote tuliomo humu tumepoteza jioni zetu. Nami sijisikii kama mtu aliyepotelewa na jioni.

Kilichonipata ni hiki. Masikio yangu yalibadilika. Miaka ya mwanzo yaliharibika kwanza. Nilikuwa nikienda kwenye maonyesho nakunja uso, nahesabu makosa, namnong'oneza mke wangu "umesikia pale?" hadi akakataa kuongozana nami. Kila anayeanza kupiga hupitia ugonjwa huo, na wengine hawaponi. Mimi nilipona siku nilipoanza kuangalia mikono. Sasa nikienda kumsikiliza mtu, namwona mpiga besi aliye nyuma kabisa, gizani, ambaye hakuna anayemshangilia, anavyomshikia mwimbaji ngazi. Naona mpiga dramu anavyochoka wimbo wa nane na ujanja anaoutumia kupumzisha mkono bila mtu kujua. Naisikia kwaya, nami sikumbuki tena sauti ya kwanza inasema nini, kwa sababu nimezama kwenye ya tatu, ile ambayo nusu ya wakati inaimba nota moja ile ile na bila hiyo nyumba inaanguka. Ukiniuliza malipo, ndiyo hayo. Nyimbo ambazo nimezisikia tangu utotoni zimekuwa na vyumba ambavyo sikuwahi kuingia.

Ndiyo maana kuna jambo moja linaniudhi, na nitalisema kwa kuwa fimbo bado hazijagongwa. Onyesho kama la leo lina vikundi vitano. Mara nyingi kikundi cha kwanza kikishapiga, kinafungasha vyombo na kuondoka, pamoja na shangazi na marafiki wote kiliokuja nao. Kikundi cha pili kinaondoka vivyo hivyo. Wa tano anawapigia fundi mitambo, mlinzi, na mtu mmoja aliyesinzia. Nimekuwa huyo wa tano. Nimekuwa pia yule wa kwanza, miaka ile, nikiwa na kisingizio kwamba kesho kuna kazi. Husemwa ngoma ya watoto haikeshi, na sisi wa ridhaa tunarushiwa methali hiyo kila siku. Sawa, isikeshe, kesho watu wana kazi kweli. Lakini saa nne na nusu hakujawa kucha. Uliyepiga kwanza ndiye msikilizaji bora aliyemo ukumbini, mikono yako bado ina moto, unajua hasa yule pale juu anaogopa nini. Kaa mbele, si karibu na mlango. Akipotea utaona, na akirudi wewe ndiye utakayejua kwamba alichokifanya hapo kilikuwa kigumu. Mpigie makofi ya hapo, usingoje mwisho wa wimbo.

Nao mafundi wa kulipwa, tuwaache wawe mafundi. Tusishindane nao, na tusiwakatie kazi kwa kwenda kupiga bure mahali ambapo mtu mwingine angelipwa. Mwenye ukumbi anayekuambia "njooni mpige, mtapata kujulikana" ilhali yeye anauza tiketi, huyo ndiye wa kuambiwa ile nota ya obo.

Tak-tak-tak-tak. Haya, nimesikia.

Kikundi cha kwanza mnapanda sasa. Dramu katikati. Besi, sogea, sogea tena, hapo. Mwenye vizibo vya masikio avivae, si vya waoga. Fundi mitambo anasema ukumbi umejaa kuliko alivyofikiri, kwa hiyo wimbo wa kwanza mtamvumilia. Ninyi wa kikundi cha tano, nitawaona saa nne na nusu, nimekaa kiti cha pili kutoka mbele upande wa sikio langu zima.

Mpiga kinanda, tupe la.